Msumari Chini ya Taa

Kituoni walimwita Shangazi, ila si mbele yake. Jina hilo lilimpata kwa namna yake ya kuhoji. Hakugonga meza wala kupandisha sauti. Aliuliza tu, kama shangazi wa mtu aliyekuja kujua ndoa imeingiwa na nini, na kabla hujashtuka umeshamweleza hata ambacho hakukuuliza. Mchana huo alikuwa ameketi mbele ya mtuhumiwa aliyekuwa akinyonyesha. Mtoto mmoja alikuwa kifuani, wa pili amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa na kutandikwa koti la polisi.

"Maliza kwanza," alisema Shangazi. "Sina haraka."

Uongo mtupu. Mwendesha mashtaka alitaka jalada jioni ile ile, na kesho yake asubuhi mwanamke huyu angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo cha mgonjwa. Kutoka hapo ni rumande, na watoto wale wangerudi na baba yao, aliyekuwa kwenye benchi la nje ameshika chupa mbili za maziwa ambazo pacha wote wawili walikuwa wamezikataa.

Kazini kwake walimwita Mama Pacha tangu arudi kutoka likizo ya uzazi. Alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni iliyohudumia mashine za dripu, zile zinazosimama kando ya kitanda cha hospitali na kupima dawa inayoingia mwilini. Mashine mojawapo ilimpa mgonjwa dawa ya maumivu kupita kiasi. Mgonjwa alikuwa mkunga mstaafu, aliyelazwa kwa upasuaji wa nyonga. Alipasuliwa mchana, akazungumza na wanawe jioni, na baada ya dripu ile hakuamka tena.

Lawama zilianza kwa muuguzi wa zamu. Shangazi alimhoji kwanza yeye, kisha kumbukumbu ya mashine ikaonyesha kwamba muuguzi aliingiza kiwango sahihi. Iliyokosea ni mashine. Na aliyejitokeza kueleza ilivyokosea alikuwa mtoto wa marehemu mwenyewe, maana naye alifanya kazi kampuni ile ile. Ndiye mtunza ghala la msimbo, yaani mahali programu zote zinapowekwa. Alifika kituoni siku moja tu baada ya maziko, akafungua kompyuta juu ya meza ya Shangazi, akaonyesha mstari mmoja wa msimbo, na kando yake jina la aliyeuandika.

"Mstari ule umeuandika wewe?" Shangazi aliuliza mtoto alipoachia titi.

"Mimi, afande."

"Hakuna aliyeingiza mkono wake?"

"Hakuna. Nilizidisha uzito wa mgonjwa mahali ambapo ulikuwa umeshazidishwa. Nimeutazama tangu mliponionyesha, na naona kabisa ni wangu. Siwezi kuukana."

Koplo, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, aliweka kalamu chini kama mtu aliyeshiba. "Basi umeua, dada. Yameisha."

"Koplo," alisema Shangazi, na Koplo akaiokota kalamu.

Mama Pacha alimweka mtoto begani, akampigapiga mgongo taratibu. "Mimi hukosea kila wiki, afande. Sote pale tunakosea. Ndiyo maana kuna majaribio. Ukikosea Mpishi anakukamata, taa inawaka nyekundu, unatundika kitambulisho chako kwenye msumari ili wenzako wajue nani anashughulika, unarekebisha, unakwenda nyumbani. Siku ile niliweka kazi yangu nikageuka kutazama taa. Ilikuwa kijani." Alimpigapiga tena mtoto mpaka akacheua. "Kitambulisho changu kilitakiwa kuwa kwenye ule msumari. Hilo tu ndilo sijalielewa mpaka leo."

Shangazi naye hakulielewa. Mpishi, taa, msumari, vyote vilikuwa vipya kwake. Alichojua ni kwamba mtu aliyekwisha kukubali kosa kubwa hana faida yoyote ya kudanganya kuhusu taa.

"Mpishi ni nani?"

"Ni mashine. Muulize Nadhifu akueleze, ndiye aliyepanga kila kitu pale." Alilitaja jina la aliyemshitaki bila uchungu wowote. "Na umpe pole zangu, kama atazipokea. Mama yake ndiye aliyenizalisha hawa."

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la vioo. Meza zilikuwa zimejaa vikombe, nyaya na karatasi, isipokuwa moja karibu na dirisha. Juu ya hiyo, kalamu zilipangwa kwa urefu na nyaya zilifungwa kwa kamba za rangi. Mwenye meza, hukuhitaji kuuliza kwa nini aliitwa Nadhifu. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, lakini macho yalikuwa mekundu na ndevu hazikuwa zimenyolewa.

"Walikupa likizo," Shangazi alisema.

"Walinipa, afande. Lakini nyumbani kuna kiti cha mama." Akavuta kiti kingine. "Kesho anapelekwa mahakamani, sivyo?"

"Jalada likikamilika. Nieleze hili ghala, kama unamweleza mtoto wa darasa la kwanza."

Alimweleza vizuri, alikuwa mwalimu mzuri. Kila mwandishi wa programu aliweka kazi yake ghalani, na ghala likakumbuka nani kaweka nini, lini na kwa sababu gani. Alipolikuta, alisema, lilikuwa vurugu tupu. Mashine za watu wazima zimechanganywa na za watoto, majaribio yamezagaa kila kona, mtu akitafuta faili lake anapata la mwenzake. Akakaa akalipanga upya, kila kitu na folda yake. Aliposema hivyo mgongo ulinyooka kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alifanana na mtu aliyelala usiku.

"Na zile folda za zamani, zilizobaki tupu, ulizipeleka wapi?"

"Hazibaki, afande. Ghala halihifadhi utupu. Ukitoa faili la mwisho, folda yenyewe inatoweka. Ukitaka ikae lazima utie kitu ndani, hata faili lisilo na herufi moja. Tunakiita kishikizi. Lakini folda tupu ni ya nini? Mimi makopo matupu kabatini sitaki, na mama yangu alikuwa hivyo hivyo."

Shangazi aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akainua macho juu ya mlango. Taa ilikuwa pale, duara, ya kijani. Chini yake palikuwa na msumari mtupu, na ukuta nyuma yake ulikuwa umechubuka kwa vitambulisho vilivyoning'inia hapo miaka na miaka.

"Ulipoona jina la Mama Pacha kwenye mstari ule," aliuliza, "ulitafuta pia kwa nini majaribio hayakumkamata?"

Nadhifu alimtazama kama hakulisikia swali. "Nilipoona jina niliacha kutafuta."

*

Koplo alikuwa amemaliza kesi kivyake. Alimkuta Shangazi kwenye ukumbi akamnong'oneza kwamba chumba cha Mpishi kilikuwa na kitasa kipya, kwamba ufunguo alikuwa nao fundi mitambo peke yake, na kwamba fundi na Mama Pacha waliwahi kugombana hadharani kuhusu jokofu.

"Tumempata, afande. Aliivuruga mashine ili mwenzake aonekane mbaya."

Fundi mitambo alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sweta nzito kwa sababu chumba cha Mpishi kilikuwa baridi. Kabati za chuma zilikoroma pande zote. Alimsikiliza Koplo mpaka mwisho bila kukasirika.

"Kitasa kilivunjika kikabadilishwa, muulize meneja. Jokofu ni kweli, nilihamisha maziwa ya watoto wake nikaweka soda, na nikaomba radhi. Ila afande, mtu akitaka kuvuruga programu atavuruga akiwa kitandani kwake. Mlango ni wa kuzuia vumbi tu."

Koplo alitazama kitasa kile kama kimemsaliti. Shangazi alivuta kiti.

"Nionyeshe Mpishi anavyofanya kazi."

"Haitwi na mtu. Kazi ikiingia ghalani tu, anauchukua msimbo wote, anaupika mpaka unakuwa programu. Halafu anaonja. Majaribio ndiyo kuonja kwenyewe: anaipa programu mgonjwa wa uzito huu na dawa hii, anaangalia itajibu nini. Akikuta kibaya, taa nyekundu, na chakula hakitoki jikoni. Asipokuta kibaya, kijani, na programu inakwenda hospitalini."

"Na kazi ya Mama Pacha aliionja?"

"Aliionja. Mwenyewe aliandika kwamba hakukuta kibaya."

Ghala lilikuwa limefungwa kwa amri ya polisi, hivyo Shangazi alimwomba fundi atengeneze nakala, kielelezo kisiguswe, kisha ampe Mpishi apike nakala hiyo. Fundi alibonyeza. Maandishi yalipanda kwenye kioo cha kompyuta, yakapanda, yakapanda tena. Mpishi alikuwa anapika. Maandishi yakasimama, na papo hapo taa ndogo juu ya kabati ikawa kijani.

"Umeona wepesi huo?" fundi alisema. "Zamani ukitia kazi unakwenda kunywa chai, unarudi, bado anaonja. Tangu Nadhifu apange ghala, hujakaa sawasawa taa imewaka. Meneja alimpigia makofi mbele yetu sote."

"Kupika nimekuona," alisema Shangazi. "Kuonja kulikuwa wapi?"

Fundi aligeukia kioo, akayasoma upya maandishi ya mwisho.

"Mpishi umemwagiza aonje wapi?"

"Kuna folda. Inaitwa majaribio."

"Kama folda hiyo haipo?"

"Angesimama. Angewasha nyekundu na kupiga kelele."

"Na kama ipo, lakini haina kitu ndani?"

Fundi alifikiri kwa sauti, akikunja vidole. "Angeingia, asingekuta la kuonja. Asipoonja hakuti kibaya. Asipokuta kibaya..." Akaangalia taa. "Lakini folda tupu haiwezi kuwepo, afande. Ghala..."

"Ghala halihifadhi utupu," Shangazi alimalizia. "Nimeshaambiwa."

Alisimama. Koplo, ambaye kwa yote mengine hakuwa mjinga, aliona uso wake akaacha kutabasamu. "Afande? Tumefika?"

"Tumefika. Njoo na karatasi za maelezo, na usiseme neno mpaka nikuambie." Alitamani sana kuwa amekosea.

*

Nadhifu aliwaona wakija akanyoosha kalamu iliyokuwa imenyooka.

"Nataka unifungulie folda moja," Shangazi alisema akikaa pembeni yake. "Inaitwa majaribio. Kabla hujafungua nakuambia kwamba lolote utakalosema Koplo ataliandika, na ukitaka kunyamaza una haki ya kunyamaza."

"Mimi?" Alishangaa, kisha akafungua, haraka, kama mtu asiye na cha kuficha.

Ndani palikuwa na faili moja. Alilibonyeza. Kioo kilikuwa cheupe, hakuna hata herufi.

Alitazama weupe ule. Damu ikaanza kumpanda shingoni, mishipa ikasimama. "Ameyaondoa," alisema. "Mnaona? Ameondoa majaribio! Alijua kazi yake mbovu, akayaondoa, akaweka kishikizi Mpishi asishtuke. Hii si bahati mbaya, afande, hii ni makusudi! Andika, Koplo! Ameketi akapanga kumuua..."

Watu kwenye meza nyingine waliacha kuandika. Mama mmoja alijifunika mdomo.

"Liulize ghala," Shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema linakumbuka nani, lini na kwa sababu gani. Liulize."

Vidole vyake viligonga vitufe kwa hasira. Jibu lilikuja mara moja, mstari mmoja. Kulikuwa na jina, na mbele ya jina sababu, kama aliyeliweka alivyoiandika: *Kwa muda tu. Nitarudisha leo.*

Jina lilikuwa lake.

Hakupiga kelele. Alisoma tena, midomo ikitembea, kisha akakirudisha kiti nyuma kidogo kutoka kwenye meza. Shangazi aliwahi kuwaona watu wengi wakibanwa na ukweli. Wengi hutafuta mlango. Huyu alitafuta mahali pa kuweka mikono akapakosa.

"Nilikuwa nahamisha," alisema mwishowe. "Majaribio yote nilishayapeleka kwenye folda mpya. Yapo, hayajapotea. Ilikuwa imebaki kumwelekeza Mpishi kule. Taa ilikuwa nyekundu, kazi za watu zimekwama, kila mtu ananiuliza. Nikaweka kishikizi kwenye folda ya zamani ili wenzangu wapumue, nimalizie kabla ya kutoka."

"Kwa nini hukumalizia?"

Nadhifu alimtazama. Machozi yalikuwa yameshatoka bila yeye kujua.

"Mama alipiga simu. Alikuwa ameanguka bafuni. Nilikimbia na kompyuta ikiwa wazi." Akajipangusa kwa mkono wa shati lile lililopigwa pasi. "Niliporudi kazini taa ilikuwa kijani na wote wananipongeza kwa wepesi. Nikasema asante. Mimi nilisema asante, afande. Nikamwambia mama asiogope ile hospitali, mashine zetu ziko pale."

Koplo aliacha kuandika. Shangazi hakumkemea. Alimwonea Nadhifu huruma, na hakuificha. Alimshika kiganja akakibana, kisha akakiachia, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

"Najua ni vigumu. Lakini mwendesha mashtaka hatakubali maneno matupu, na kuna mtu kesho anapandishwa kizimbani. Fundi ametengeneza nakala ya ghala, mstari wa Mama Pacha umo kama ulivyokuwa. Unaweza kumwelekeza Mpishi kwenye folda sahihi, hapa, mbele yetu?"

"Naweza."

Alifuta kishikizi. Folda ya zamani ikatoweka yenyewe, kama alivyosema. Aliandika njia mpya, neno moja tu, akasita na kidole juu ya kitufe, akabonyeza.

Mpishi alipika. Maandishi yalipanda, yakasimama, na safari hii taa haikubadilika. Alikuwa anaonja. Waandishi wa programu walisogea mmoja mmoja wakasimama nyuma ya viti vyao. Fundi alikuja na sweta lake, ameshika kikombe cha chai, na chai ikapoa mkononi mwake bila kunywewa. Ilichukua muda ule wa zamani, muda ambao wote walikuwa wamefurahi kuusahau.

Juu ya mlango taa ikawa nyekundu.

"Ingewaka," Nadhifu alisema.

"Ingewaka," Shangazi alikubali.

Alisimama. Koplo alipiga hatua kumzuia Nadhifu, lakini Shangazi aliinua kiganja na Koplo akarudi nyuma. Nadhifu alitembea hadi mlangoni, watu wakimpisha. Alivua kitambulisho shingoni, akaikunjua kamba yake ikae sawa, akakitundika kwenye msumari. Kwenye picha alikuwa anacheka.

Shangazi alitoa simu akapiga kituoni. "Jalada la Mama Pacha lisiende popote," alisema. "Mwandikie dhamana, sahihi nitaweka mimi. Na huyo baba aliyeko kwenye benchi mwambie aingie ndani." Alisikiliza. "Ndiyo, kosa la mkono ni lake na atalijibu. Lakini atalijibu akitokea nyumbani kwake." Alisikiliza tena, kwa muda kidogo. "Huyo ninaye hapa. Tutakuja pamoja."

Alipokata simu, Nadhifu alikuwa amerudi kwenye meza yake. Hakukaa. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Afande, hapa kwetu aliyetundika haondoki mpaka taa irudi. Najua ni nakala tu, najua haimrudishi mtu. Lakini naomba nirekebishe kwanza, ndipo twende."

Koplo alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango. Shangazi alivuta kiti akakiweka kando ya kiti cha Nadhifu, akakaa, akaweka mkoba wake miguuni.

"Maliza kwanza," alisema. "Sina haraka."

Safari hii alikuwa hadanganyi. Nadhifu alikaa, akautafuta ule mstari, akaanza kuusoma tangu mwanzo.